Ngome Iliyosogea Mraba Mmoja

Kuna mchezo mmoja wa sataranji ambao huwa naupanga upya mezani angalau mara moja kwa mwaka, aghalabu usiku, watoto wakishalala na meza ya chakula ikishafutwa. Ubao wangu ni wa plastiki, wa kukunjwa katikati, na kete nyeupe zimeshageuka rangi ya pembe kwa kushikwashikwa. Sihitaji tena kitabu cha kunielekeza. Mkono unaijua njia yenyewe, tangu askari wa kwanza mpaka hatua ya 41. Anayetaka kuupitia haraka atamaliza kwa dakika tano. Mimi huchukua saa mbili, na kila mwaka naona jambo ambalo mwaka uliotangulia lilinipita.

Ni mchezo wa sita kati ya Bobby Fischer wa Marekani na Boris Spassky wa Muungano wa Kisovieti, walipokuwa wakigombea ubingwa wa dunia mjini Reykjavik, Iceland. Ulichezwa Jumapili, tarehe 23 Julai 1972. Watu wengi wakisikia majina hayo mawili na mwaka huo hukumbuka vita baridi, kamera za filamu, madai ya fedha na mchezaji aliyekataa kutokea ukumbini. Hayo yameandikwa vya kutosha. Ninachotaka kueleza ni kazi iliyofanyika juu ya ubao alasiri ile, namna nilivyowahi kumtazama fundi seremala akitengeneza mlango: kuanzia uchaguzi wa mti hadi bawaba ya mwisho.

Kwa ambaye hajazoea, ubao una miraba 64. Mistari inayopanda kutoka kwa mchezaji mweupe kwenda kwa mweusi ina herufi, a hadi h. Safu za kukatiza zina namba, 1 hadi 8. Kila mraba, basi, una jina lake: c4, e5, f2. Kila mchezaji ana kete 16: mfalme, malkia, ngome mbili, maaskofu wawili, farasi wawili na askari wanane. Ngome hutembea kwa kunyooka. Askofu hutembea kwa mshazari, na aliyeanza kwenye mraba mweupe hatakanyaga mweusi maisha yake yote. Hilo la askofu likumbuke, maana mchezo huu umejengwa juu yake.

Hali ilivyokuwa kabla ya alasiri hiyo ni hii. Fischer alipoteza mchezo wa kwanza. Wa pili hakutokea, akahesabiwa ameshindwa. Kwa hiyo alianza akiwa nyuma kwa pointi mbili kwa sifuri, dhidi ya mtu ambaye hakuwa amewahi kumfunga hata mara moja maishani. Mchezo wa tatu akashinda, wa nne wakatoka sare, wa tano akashinda tena. Sasa walikuwa sawa, mbili na nusu kwa mbili na nusu, na kete nyeupe zilikuwa zake.

Mcheza bao hahitaji kuelezwa sana maana ya ufunguzi. Katika bao la Kiswahili kuna namua, wakati kete zingali mkononi na kila mmoja anaziingiza moja moja, kisha kuna mtaji, wakati zote zimeshashuka ubaoni. Aliyenamua ovyo atalipa kwenye mtaji, na huenda wakati huo hata hakumbuki alikosea wapi. Sataranji nayo ina wakati wa namna hiyo, hatua kumi au kumi na tano za mwanzo, ambapo kete bado zinatolewa nyumbani na kupewa kazi. Wachezaji wakubwa huujua ufunguzi kwa moyo, hatua kwa hatua, na wana mikondo waliyoizoea kama mtu anavyozoea njia ya kwenda kwao.

Njia ya Fischer ilijulikana na kila mtu. Karibu maisha yake yote alianza kwa askari wa mfalme, kutoka e2 hadi e4. Ndivyo alivyoanza mchezo wa nne wiki hiyohiyo. Alasiri ya tarehe 23 alimshika askari wa c, akamweka c4.

Hapa huwa nasimama. Ni hatua ndogo, na wachezaji maelfu huanza hivyo kila siku. Lakini kwa Fischer ilikuwa sawa na fundi wa mvule anayeingia karakana asubuhi na gogo la mti mwingine kabisa begani. Spassky akajibu kwa askari wa e, mraba mmoja. Farasi mweupe akatoka f3, askari mweusi akaenda d5, askari mweupe akaenda d4, na ghafla wakawa wamefika kwenye ufunguzi uitwao Gambiti ya Malkia, ambao Fischer hakuwa na mazoea nao kabisa kwa kete nyeupe. Wakaendelea bila haraka: farasi, farasi, askofu, askofu, mfalme mweusi akahamia upande na kujificha nyuma ya ngome yake. Katika hatua ya saba Spassky alimsogeza askari wa b mraba mmoja, hadi b6.

Askari huyo wa b6 ndiye alama ya ulinzi unaoitwa kwa jina la Savielly Tartakower, bingwa mzaliwa wa Rostov aliyeishi na kufia Paris. Majina mengine mawili huambatanishwa nalo, Makogonov na Bondarevsky. Igor Bondarevsky alikuwa kocha wa Spassky mwenyewe. Maana yake ni kwamba Spassky alikuwa amekaa sebuleni kwake, na Fischer ndiye aliyekuja ugenini, kwa hiari yake, akavua viatu mlangoni na kuingia.

Hakuingia mikono mitupu. Fischer alikuwa amejifundisha Kirusi cha kutosha kusoma majarida ya sataranji ya Kisovieti, na alikuwa na kitabu chenye jalada jekundu kilichokusanya michezo ya Spassky, ambacho alikisoma hata mezani akila. Aliyaelewa makazi ya mwenyeji wake pengine kuliko wengi waliozaliwa humo.

Sasa tazama anavyofungua kazi. Kusudi la askari wa b6 ni kumpa askofu mweusi nafasi ya kukaa b7 na kuutazama mshazari mrefu, kutoka pembe hadi pembe, kama mlinzi aliye juu ya mnara. Fischer hakuuzuia mnara. Alibadilisha kile ambacho mlinzi angekiona. Katika hatua tatu mfululizo, ya nane, ya tisa na ya kumi, alikula na kuliwa: askari kwa askari, askofu kwa askofu, farasi kwa farasi. Vumbi lilipotulia, askari mweusi alikuwa amesimama d5, katikati kabisa ya mshazari ule mrefu. Askofu wa Spassky angekaa b7 angekuwa anatazama mgongo wa askari wake mwenyewe. Ikabidi aende e6, mahali pa heshima lakini pasipo na kazi kubwa.

Ubadilishanaji wa namna hii humchosha mtazamaji mgeni. Anadhani hakuna kinachotokea. Ukikaa nao unaona kwamba kila kete iliyotolewa ubaoni ilitolewa kwa sababu. Kila iliyobaki upande wa nyeupe ilikuwa na mahali pa kwenda, na upande wa nyeusi palibaki kete moja au mbili zilizokuwa zikitafuta kazi. Seremala hupasua ubao kwa kuufuata uzi wa mti.

Hatua ya 11 ngome nyeupe ikahamia c1, kwenye mstari uliokuwa umefunguka. Hatua ya 12 malkia akatoka hadi a4. Hatua ya 13, baada ya Spassky kumsukuma askari wake hadi c5, malkia akateleza mraba mmoja tu, a3. Panga ubao uone malkia huyu anachotazama. Kutoka a3, mshazari unapita b4, unamkuta askari mweusi wa c5, unapita d6, unamkuta malkia mweusi wa e7. Askari wa c5 amefungwa. Akila chochote pembeni, anaacha mlango wazi na malkia wake anakamatwa. Hakuna tishio lililotangazwa kwa sauti. Kuna kamba tu, imefungwa mguuni kwa askari, na Fischer ataivuta baadaye.

Halafu inakuja hatua ya 14. Askofu mweupe, yule wa miraba myeupe ambaye nilikuomba umkumbuke, anatoka nyumbani kwa mara ya kwanza na kwenda hadi b5. Hatua hii haikuwa mali ya Fischer. Semyon Furman, mwalimu wa Kisovieti ambaye baadaye atajulikana zaidi kwa kumlea Anatoly Karpov, alikuwa ameicheza mwaka 1970 dhidi ya Efim Geller. Na Efim Geller, mwaka 1972, alikuwa Reykjavik, miongoni mwa wasaidizi wa Spassky. Fischer alichukua patasi kutoka kwenye sanduku la upande wa pili.

Spassky alimsogeza askari wake hadi a6 kumfukuza askofu. Askofu hakuondoka. Tazama tena mahali alipo malkia mweupe: a3. Juu yake kwenye mstari huohuo yupo askari wa a6, na nyuma yake ngome nyeusi ya a8. Askari akimla askofu wa b5, mstari wa a unafunguka na ngome inaliwa. Malkia yuleyule, kwenye mraba uleule, amefunga kamba mbili, moja kwa mshazari na nyingine kwa kunyooka. Kwa hiyo Fischer akamwacha askofu wake mdomoni mwa adui kwa hatua mbili nzima. Akala askari wa c5, akaliwa, akamhamisha mfalme wake upande wa usalama, na Spassky alipoitoa ngome yake pembeni hadi a7 ili kuikata ile kamba ya pili, ndipo askofu aliporudi taratibu, e2.

Amekwenda na kurudi. Ameshinda nini? Mwanzoni mwa safari hiyo askari weusi wa a, b, c na d walikuwa wameegemeana kama mawe ya ukuta. Mwishoni, wawili wa katikati, c5 na d5, wamesimama peke yao, hakuna jirani wa kuwashika mkono. Mawe ya ukuta yameanza kutikisika, na hakuna aliyesikia nyundo.

Hatua ya 18 huwa nawaonyesha vijana wanaokuja kujifunza kwangu, na huwa nawaacha waikatae kwanza. Farasi mweupe anakwenda d4. Hapo ni mbele ya askari mweusi wa c5, ambaye kazi yake hasa ni kumla aliye mahali hapo. Vijana wote husema farasi amekufa. Nawaambia wamfuate malkia wa a3 kwa kidole, polepole, na kidole kikifika e7 wananyamaza. Kamba iliyofungwa hatua ya 13 imevutwa hatua ya 18. Spassky akamrudisha malkia wake f8, penye walinzi wa kutosha, naye farasi, kazi yake ikiwa imekwisha, akamla askofu wa e6 na kuliwa na askari wa f.

Sasa hesabu kilichobaki. Kila upande una malkia, ngome mbili na askari sita. Zaidi ya hapo, nyeusi ana farasi. Nyeupe ana askofu wa miraba myeupe. Kwa hesabu wako sawa. Hatua ya 20 Fischer akamsukuma askari wake hadi e4, kuwauliza askari weusi wa katikati watafanya nini, na Spassky akajibu kwa kumpitisha mmoja wao hadi d4. Wachambuzi wengi wameinyooshea kidole hatua hii, nami naona wana haki. Askari wa d4 anaonekana mwenye nguvu, amevuka nusu ya ubao. Ila ameiacha miraba myeupe yote aliyokuwa akiilinda. Mraba wa c4 uko wazi, na kutoka c4 askofu anamtazama askari wa e6, na nyuma yake mfalme mwenyewe.

Hapo kazi inabadilika. Mti umeshapasuliwa na kurandwa, sasa unaunganishwa. Askari wa f akaenda f4, wa e akaenda e5, na farasi mweusi akapoteza mraba wa f6, ambao ndio dirisha lake zuri kuliko yote. Askofu akakaa c4. Mfalme mweusi akasogea pembeni kabisa, h8, kuukwepa ule mshazari. Malkia mweupe, aliyekuwa ameishi a3 kwa hatua kumi na moja, akavuka ubao mzima kwa safari moja hadi h3, kumtazama yuleyule askari wa e6. Askofu kutoka kushoto, malkia kutoka kulia, shabaha moja. Farasi mweusi akarudi f8 kumlinda, na kwa kurudi huko akawa kete ya ulinzi mpaka mwisho wa maisha yake.

Jambo dogo la hatua ya 25. Tangu hatua ya 22 ngome nyeusi ilikuwa ikimtazama askari wa b2, na malkia alipohamia h3 askari huyo aliachwa bila mlinzi. Mchezaji mwenye wasiwasi angemlinda mapema. Fischer alimaliza kwanza kuyapanga yale makubwa, kisha akamsogeza b3, hatua moja, akawa ameshughulika naye. Kila jambo lilifanyiwa zamu yake.

Hatua ya 26 askari wa f akasukumwa hadi f5 na mstari wa f ukafunguka. Ngome moja ikashuka f5. Ya pili ni ile iliyowekwa c1 katika hatua ya 11 na ambayo haikuwa imeguswa tangu hapo. Katika hatua ya 28 ikaja f1, nyuma ya mwenzake. Napenda kazi ambayo haina chombo kilichosahauliwa kwenye kona ya karakana. Malkia akaenda g3. Askari wa h akasogea miraba miwili hadi h4, na huyu ndiye naomba umtazame kwa makini. Farasi mweusi wakati huo alikuwa h7. Farasi wa h7 ana milango mitatu tu: f8, f6 na g5. Miwili ya kwanza iko kwenye mstari wa f, ambako ngome mbili nyeupe zinavizia. Askari wa h4 akaufunga wa tatu. Hatua ya 31 askari wa e akafika e6, na hatua ya 32 malkia akakaa e5, katikati kabisa ya ubao, kwenye mraba ambao askari wake ametoka kumwachia.

Na hapa ndipo penye sababu ya mimi kurudi kwenye mchezo huu kila mwaka.

Fischer amefika. Kila kete yake iko mahali pake. Spassky amebanwa: ngome zake zimesimama c7 na e7, moja ikimlinda askari wa c5, nyingine ikimzuia wa e6 asisonge. Farasi hana mlango. Malkia lazima aulinde mraba wa f8, kwa sababu ngome nyeupe ikitua hapo mambo yamekwisha, na kwa hiyo amebaki akitembea kati ya d8 na e8, d8 na e8, kama mtu anayesubiri habari kwenye veranda ya hospitali. Mchezaji wa kawaida, na hapa najiweka wa kwanza kwenye orodha, angeanza kupiga. Moyo unadunda, ushindi unaonekana, mkono unawasha.

Fischer, hatua ya 33, alimsogeza askari wa a hadi a4. Upande wa pili kabisa wa ubao, mbali na mfalme, mbali na moto. Askari huyo alimziba askari mweusi wa a5 aliyekuwa na uwezo wa kusonga siku moja na kufungua njia huko. Ni kama kuhakikisha dirisha la uani limefungwa kabla ya kuzima taa. Malkia wa Spassky akaenda d8.

Hatua ya 34, ngome ya f1 ikasogea mraba mmoja, hadi f2. Malkia akarudi e8.

Hatua ya 35, ngome ileile ikasogea tena mraba mmoja, hadi f3. Malkia akaenda d8.

Ngome inaweza kuvuka ubao wote kwa mpigo mmoja. Ndiyo kete nzito kuliko zote ukimtoa malkia. Kuisogeza mraba mmoja, kisha mraba mmoja tena, mbele ya bingwa wa dunia, mbele ya ukumbi uliojaa, katika mchezo ambao ungempa uongozi kwa mara ya kwanza, kunahitaji imani kubwa na kile ulichojenga. Kwa hatua hizo mbili alikuwa anamwambia Spassky, kwa adabu, kwamba zamu ni yake na achukue muda wake. Spassky alikuwa na zamu, na hakuwa na la kuifanyia. Bila shaka f3 ni mahali pazuri zaidi pa ngome kuliko f1, na tutaona hivi punde. Lakini hakukuwa na haja ya kufika hapo kwa haraka, naye hakuharakisha. Kila mchezaji alikuwa na saa mbili na nusu za kucheza hatua zake 40 za kwanza. Alizitumia kama mtu anayemjua mwenye saa.

Hatua ya 36, askofu akarudi nyuma mraba mmoja, kutoka c4 hadi d3. Kwa mwenye macho ya haraka ni kurudi nyuma. Hatua ya 37, malkia naye akarudi nyuma mraba mmoja, kutoka e5 hadi e4. Sasa chora mshazari: d3, e4, f5, g6, h7. Askofu, mbele yake malkia, mbele yake ngome, na mwisho wa mstari farasi mweusi, ubavuni kwa mfalme wake. Ngome ya f5 ndiyo kizibo. Ikiondoka kwa kishindo hadi f8, farasi atalazimika kuila, ngome ya pili itapanda kutoka f3 na kumla farasi hapohapo f8, malkia mweusi ataila hiyo, na malkia mweupe atashuka h7 na kummaliza mfalme, nyuma yake askofu akimshika mkono. Hiyo ndiyo kazi ya f3. Ndiyo maana ya mraba mmoja na mraba mmoja.

Spassky aliliona hilo, alikuwa bingwa. Akamtoa farasi hadi f6, kuuziba mstari na kumtisha malkia. Hatua ya 38 ngome ya f5 ikamla farasi na ikaliwa na askari wa g. Hatua ya 39 ngome ya f3 ikamla askari huyo. Watu huiita hii kafara, ngome kwa farasi, na vitabu huipa alama ya mshangao. Mimi huipita kwa upole. Tunda lilikuwa limeiva hatua tano kabla, na kulichuma hakukuhitaji ushujaa. Mfalme mweusi, ukuta wake umebomoka, akaenda g8. Askofu, hatua ya 40, akarudi c4, kwenye mraba ambao aliutoka hatua nne tu kabla, kama fundi anayerudisha chombo kwenye msumari wake. Mfalme akarudi h8. Malkia, hatua ya 41, akaenda f4. Spassky akakubali kushindwa.

Ukumbi ukapiga makofi, na Spassky, bado yuko jukwaani, akapiga makofi pamoja nao. Fischer aliyaona, na yalimgusa. Alikuwa amezoea kuombwa mambo mengi na kulaumiwa kwa mengi zaidi, ila mshindani anayempigia makofi mbele ya watu hakuwa jambo la kawaida hata kwake. Sina la kuongeza kwenye hukumu hiyo. Spassky alikaa upande wa pili wa ubao kwa hatua zote 41, naye ndiye aliyejua kuliko sisi sote ilivyokuwa kusubiri wakati ngome ile inatoka f1 kwenda f2.

Ulinzi wa Tartakower haukufa alasiri hiyo, na ni vizuri mtu ajue. Mwaka uliofuata, 1973, Efim Geller alikutana na Jan Timman mjini Hilversum, Uholanzi, akiwa na kete nyeusi, na wakafika kwenye hatua ileile ya 14, askofu b5. Geller hakumsogeza askari wa a. Alimpeleka malkia wake b7, kuukwepa ule mshazari wa a3, na akashinda. Karakana ilikuwa imepata jibu. Fischer naye alimaliza Reykjavik kwa pointi 12 na nusu dhidi ya 8 na nusu, akawa bingwa, na hakucheza tena mashindano rasmi ya ubingwa huo.

Ukiwa na ubao, hata wa kadibodi, upange leo. Kete nyeupe ziwe upande wako, na mraba mweupe uwe kwenye pembe ya kulia. Uende hatua kwa hatua mpaka ya 33, na ukifika hapo usiikimbilie ya 38. Isogeze ngome ya f1 hadi f2, toa mkono, kisha nenda ukakae upande wa pili wa meza na umtafutie Spassky hatua nzuri.